Treni ya wageni imepita. Abiria wetu watapanda ipi?

Kila treni ya kitalii ya Rovos Rail inapokatiza Lubumbashi, simu zetu hujaa picha zilezile: mabehewa yaliyong'arishwa, wazee wa Kizungu dirishani na kofia zao za jua, watoto wakipunga mikono kando ya reli. Na kila mara mji hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza hushangilia kwamba reli ya Katanga imefufuka. Wa pili hununa: ni mchezo wa matajiri, ukoloni umerudi na kitambaa cheupe mezani. Naona wote wamekosa shabaha. Treni hiyo ni mgeni mpita njia. Haijafufua kitu na haijaiba kitu. Wakati sisi tunabishana juu ya mgeni, yanaamuliwa mengine kabisa: kama reli inayotengenezwa upya kwa ajili ya shaba itabakiza nafasi ya binadamu, na kama kumbukumbu za watu walioijenga na kuiendesha zitaokolewa kabla vyuma havijauzwa kwa kilo.

Tuitazame kwanza treni yenyewe. Julai 2019 kampuni hiyo ya Afrika Kusini ilitoa treni Dar es Salaam, ikapita TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikavuka Zambia, ikaingia Kongo kwa Sakania, ikafika Lubumbashi, kisha Tenke, Kolwezi na Dilolo, hadi Lobito kwenye bahari ya Atlantiki. Siku 15, na abiria wasiozidi 72 kwa treni nzima. Waliosema ni muujiza walisahau jambo dogo ambalo kila fundi wa reli analijua: upana wa njia. Kuanzia Cape Town hadi Ilebo, na kutoka Dar es Salaam hadi Lobito, reli zimeachana milimita 1,067, yaani futi 3 na inchi 6. Behewa lililotengenezwa Pretoria linaweza kulala Bukama bila kubadilishiwa magurudumu. Uamuzi huo ulifanywa zaidi ya miaka 100 iliyopita na watu waliokuwa wakifikiria madini, na leo watalii wanafaidi. Halafu treni hiyo hubeba jiko lake, vitanda vyake na wahudumu wake. Inachoomba kwetu ni njia iliyo wazi na kibali. Inachoacha ni saa chache za matembezi mjini, na zile picha.

Sasa reli. Wengi wanaoizungumzia huanzia 1960, mwaka wa uhuru wetu, wakati iliingia Katanga nusu karne kabla ya hapo, na haikutoka Kinshasa wala Matadi. Ilitoka kusini. Ilivuka mto Zambezi kwa daraja la Victoria Falls mwaka 1905, ikafika Broken Hill, leo Kabwe, mwaka 1906, ikagusa Sakania mwaka 1909, na mwaka 1910 ikaingia hapa, kwenye mji uliokuwa bado unapimwa mitaa na ambao ulipewa jina la Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi likayeyusha shaba ya kwanza kwa koka iliyoletwa na reli hiyohiyo kutoka Wankie, Rhodesia Kusini. Shaba nayo ikashuka hadi bandari ya Beira. Mji wa Wabelgiji ukawa unapikiwa na makaa ya Waingereza na kuuza kupitia bandari ya Wareno. Brussels haikulala vizuri. Kampuni ya reli ya BCK, iliyozaliwa 1906 mwaka mmoja na Union Minière, kampuni ya madini ya Katanga, ikapewa kazi ya kutafuta njia isiyotoka nje ya koloni, na mwaka 1928 reli kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ikakamilika, zaidi ya kilomita 1,100. Huko Ilebo mzigo ulishushwa kwenye treni ukapanda meli, ukateremka mto Kasai na mto Kongo hadi Léopoldville, leo Kinshasa, ukashushwa tena, ukapanda treni nyingine hadi Matadi. Kupakia na kupakua, kupakia na kupakua. Fahari ya taifa ina gharama zake. Na mwaka 1931, Mskoti Robert Williams, aliyeihangaikia reli ya Benguela tangu 1902, akaona Katanga imeunganishwa na Lobito, njia fupi kuliko zote, huku Wabelgiji wakiendelea kuipendelea ile ndefu kwa sababu ilikuwa yao. Kwa hiyo anayekuambia kwamba reli ya Lobito, iliyopewa mkopo na Marekani, ni wazo jipya la Washington, mwonyeshe ramani ya 1931.

Nimerefusha historia hii makusudi. Kila mstari wa reli kwenye ramani yetu ulikuwa jibu la swali moja: nani atapitisha shaba, na kwenda bandari ya nani? Hakuna hata mmoja uliochorwa kwa kuuliza mtu wa Kamina atakwendaje Lubumbashi kuona mgonjwa wake. Lakini watu walipanda. Hapo ndipo reli ya madini ilipogeuka kuwa reli ya watu, bila mtu yeyote kuipangia hivyo. Walikuja kutoka Kasai, kutoka Lomami, kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Wakawa wachochea moto, wapiga bendera, makarani, mafundi wa karakana. Makomeno ukawa mtaa wao. Mwaka 1939 ikaanzishwa timu ya mpira, Saint-Éloi Lupopo, na hadi leo washabiki wake wanaitwa Cheminots, watu wa reli, hata yule kijana wa Kenya au Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, ambaye hajawahi kukanyaga behewa maishani. Mwaka 1952 sehemu kati ya Likasi na Tenke ikaanza kuendeshwa kwa umeme wa mkondo badala wa hezi 50, teknolojia ambayo reli nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinaijaribu. Baadaye kilomita zaidi ya 850 za mtandao wa SNCC, shirika la reli la taifa, kati ya zipatazo 3,600, zikawa na nyaya za umeme juu. Wajukuu wa waliozitandaza wanasafiri leo juu ya magunia ya makala. Namaanisha makaa ya kupikia bukari, ugali wetu, si makala haya unayoyasoma.

Sasa hoja za wanaoshangilia. Wanasema: utalii wa treni za kale ni biashara duniani kote, tunayo milima ya Lubudi, tunayo Lualaba pale Bukama, tunalo ziwa Tanganyika mwisho wa reli Kalemie, tukarabati mabehewa mawili matatu, watalii walete dola, dola zitengeneze njia. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi. Tazama mahali ambapo treni za namna hiyo zinaishi. Livingstone, Zambia, wageni hupanda treni ya mvuke jioni, wakala chakula, wakafika kwenye daraja la Victoria Falls, lilelile la 1905, kisha wakarudi hotelini kulala. Darjeeling, India, ile reli nyembamba ya milimani iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 1999 ina kilomita 88, lakini wengi wa watalii hupanda kile kipande kifupi tu cha kwenda Ghum na kurudi. Talyllyn huko Wales, reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, mwaka 1951, haifiki hata kilomita 13, na imesimama kwa jasho la wastaafu wanaofanya kazi bila mshahara kwa sababu wanaipenda. Ukiangalia kwa makini unaona mambo mawili. Safari zenyewe ni za saa, si za siku; na zipo jirani na hoteli, kiwanja cha ndege na barabara nzuri. Pale reli ya kitalii inakula makombo ya uchumi uliokwisha kushiba. Kuitaka ilipie mataruma na madaraja ya maelfu ya kilomita ni kumtwika mbuzi mzigo wa lori.

Na kuna kitu kingine ambacho washangiliaji hawakioni. Mtalii halipii uzee wa behewa. Analipia uhakika. Ameambiwa siku 15, anajua siku ya 15 atakuwa Lobito anakula samaki. Anaweza kufurahia mwendo wa pole kwa sababu ameununua. Kwetu mwendo wa pole unagawiwa bure, na haujawahi kukosa wateja. Mtu anayepanda treni kwenda Kamina bila kujua atafika lini haoni mandhari. Anaona unga wake unapungua.

Wanaonuna wana hoja nzito zaidi, ingawa nao wanaimaliza vibaya. Reli hii, wanasema, ni mnyororo. Mabehewa ya Wazungu na ya Waafrika yalikuwa mbalimbali. Wafanyakazi walikusanywa vijijini kama mzigo mwingine wowote. Kwa nini tutunze chombo cha kututesa? Mimi huongeza mfano ambao wao wenyewe huwa wanaukwepa, kwa sababu haumhusu Mbelgiji. Mwishoni mwa 1992 na mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, wengi wao wakiwa watoto na wajukuu wa wale walioletwa na reli, stesheni ya Likasi iligeuka kambi. Familia zililala kando ya reli, na vyungu, na mashine za cherehani, na milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao, zikisubiri treni ya Mwene-Ditu na Kananga. Walisubiri wiki, wengine miezi. Wengi walifia pale kabla treni haijafika, na wengine ndani ya mabehewa. Hakuna mtalii atakayesimuliwa hayo baina ya chai na keki. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutunza, si ya kuacha. Stesheni ikibomolewa, aliyefukuzwa anabaki na maneno tu, na aliyefukuza anabaki na uwezo wa kusema haikutokea. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971, na hakuna aliyedhani kwamba kwa kuyafungua Wakenya walikuwa wanaiomba Uingereza irudi.

Kuna hoja ya tatu, ya watu wa mahesabu, na hiyo ndiyo ninayoiheshimu. Wanasema: acheni mapenzi. Reli inaishi kwa tani. Kongo inatoa zaidi ya tani milioni mbili na nusu za shaba kwa mwaka, na nyingi inatoka kwa malori yanayojipanga Kasumbalesa, mpakani na Zambia, foleni isiyoonekana mwisho, yakila barabara na kuua watu. Treni moja ya mizigo inaondoa malori kwa makumi. Njia yetu ni moja, treni zinapishana stesheni tu. Ukiingiza treni ya abiria inayolipa kidogo, unaichelewesha ile inayolipa mishahara. Kwa hiyo mizigo kwanza, abiria baadaye, mandhari baadaye kabisa. Ni hoja iliyonyooka. Anayeendesha shirika lenye madeni hawezi kuipuuza, na mimi sitajifanya kwamba nauli ya abiria wa Luena itanunua kichwa cha treni. Benki ya Dunia iliingia na mradi wake wa uchukuzi mwaka 2010, vichwa vipya vikaja, na bado fedha zilionekana kama maji kwenye mchanga. Mtandao mkubwa namna hii haufufuki bila mzigo mzito wa kudumu.

Lakini hesabu hiyo ina kosa moja, nalo si dogo: inadhani abiria wako nyumbani wanasubiri kuruhusiwa. Hawako nyumbani. Wako juu ya mizigo. Machi 2022, pale Buyofwe, mkoa wa Lualaba, treni ya mizigo iliyokuwa ikitoka Luena kwenda Tenke iliacha njia. Watu 75 walikufa. Haikuwa treni ya abiria. Ilikuwa na mamia ya watu ambao taarifa ziliwaita abiria wa siri. Siri gani? Mamia ya watu, na mabeseni, na kuku, na watoto mgongoni, juu ya mabehewa yanayopita kila stesheni mchana kweupe? Kabla ya hapo ilikuwa karibu na Lubudi mwaka 2017, na Katongola, jirani na Kamina, mwaka 2014. Kwa hiyo kati ya Tenke na Kamina hatuchagui kati ya treni ya mizigo na treni ya abiria. Treni ya abiria ipo tayari, inakwenda na inaua. Kinachokosekana ni viti, breki na karatasi inayokiri kwamba hao ni abiria. Linganisha na wale wageni 72. Kila mmoja ana jina kwenye orodha, na treni ikisimama dakika 10 porini kuna mtu wa kueleza sababu. Simlaumu mgeni kwa hilo. Nasema ametuonyesha, bila kukusudia, kwamba njia hiihii ikitakiwa kumheshimu msafiri inaweza.

Ndipo tunafika Lobito, ambako ndiko mjadala wote ulipaswa kuwa. Reli ya Benguela ilikatwa na vita vya Angola kuanzia 1975. Wachina wakaijenga upya, ikazinduliwa 2015. Mwaka 2022 Angola ikaipa ubia wa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis haki ya kuendesha kwa miaka 30, na Marekani ikaja na mkopo wa dola milioni 553. Rais Biden akaenda Lobito Desemba 2024 kupigwa picha. Yote hayo yanajulikana. Jambo linalozungumzwa kidogo ni namna Angola ilivyogawa kazi: ubia umechukua mizigo na matengenezo ya njia, na shirika la zamani la serikali, CFB, limebaki na abiria. Unaweza kuusifu mgawanyo huo kwa sababu abiria hawakusahaulika kwenye karatasi. Unaweza pia kuuogopa, kwa sababu kinacholipa kimekwenda upande mmoja na kinachogharimu upande mwingine. Mimi naona vyote viwili. Upande wetu, kutoka Dilolo hadi Kolwezi na Tenke, njia ni ya SNCC na imechoka kuliko ya Angola. Mwenye fedha atakayekuja kuitengeneza atakuja kwa ajili ya shaba na kobalti, kama alivyokuja Williams. Akikuta mkataba haumtaji abiria, hatavunja sheria yoyote kwa kutomwona. Na akikuta stesheni ndogo hazina kazi kwa treni ya mizigo isiyosimama, atazifunga, paa litaezuliwa na majirani mwaka wa kwanza, na vitabu vya zamu vitafungia karanga sokoni.

Hapo kumbukumbu na haki ya kupanda ni kitu kimoja. Kuna mzee jirani yangu, mstaafu wa reli, ambaye bado anahifadhi taa yake ya ishara chini ya kitanda, kioo kimoja chekundu, kingine kijani, utambi umekauka. Nilipomwonyesha ile picha ya treni ya kifahari hakushangaa mabehewa. Aliisogeza simu karibu na jicho, akatazama chini, kwenye mataruma, akatikisa kichwa kwa yale majani yaliyoota katikati ya njia. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Bale banashukaka wapi?" Nikamjibu, Papa, hawashuki, wanapita tu. Akaanza kunitajia stesheni kwa mpangilio, Likasi, Tenke, Lubudi, Luena, Bukama, Kamina, na zile ndogo za katikati ambazo ramani ya simu haizijui, kila moja na jambo lake: hapa tulijaza maji, hapa kona ni kali, hapa palikuwa na mama wa samaki. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, chini ya mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake, kukusanya mambo ya watu wa kawaida wa mji huu kabla hayajapotea. Watu wa reli wanastahili kazi kama hiyo ya kwao peke yao, na wenye kujua injini za mvuke wanahesabika kwa vidole. Gharama yake ni kinasa sauti, nauli ya wanafunzi na chupa za soda. Haihitaji Washington.

Na kama bado tunataka treni ya mandhari ya kwetu, tuanze na iliyo karibu. Kipushi iko kilomita kama 30 kutoka hapa, mji wa mgodi uliofunguliwa miaka ya 1920, ukafungwa 1993, ukarudi kuzalisha zinki mwaka 2024. Mwaka 2017 wenye mgodi walikubaliana na SNCC juu ya kujenga upya kilomita 34 za reli hadi stesheni ya Munama. Hiyo ndiyo saizi ya Livingstone na Darjeeling: kwenda asubuhi, kurudi jioni. Mabehewa mawili ya Jumapili, nauli ambayo mwalimu anaweza kulipa na watoto wake, mstaafu mmoja akieleza njiani. Siku za kazi mabehewa hayohayo yabebe wafanyakazi na akina mama wa mboga. Watalii wa nje wakitaka kupanda, karibu, wakate tiketi dirisha lilelile.

Kolwezi hadi Dilolo, na Lubumbashi hadi Kamina, zinahitaji kitu kidogo zaidi cha kuvutia: kifungu kwenye mkataba kinachotaja treni ya abiria, mara ngapi kwa wiki, stesheni zipi itasimama, na nani atalipa tofauti ya nauli. Wabunge wetu wa Haut-Katanga na Lualaba wanaweza kukidai kabla ya wino kukauka. Mpaka sasa wengi wao nimewaona kwenye picha tu, wamesimama mbele ya behewa la mgeni, wakitabasamu.